Kona ya Kunyooka

Kila Ijumaa ya kazi, kwa muda wa miezi kumi na mmoja, mimi ndiye niliyemfunga Elijah goti. Naanza na hilo kwa sababu baadaye niliulizwa, na sikutaka kujificha.

Tulikuwa tunakaa chumba kimoja Manfuha, mtaa wa zamani wa Riyadh, ghorofa ya pili juu ya duka la simu. Asubuhi Elijah alikaa ukingoni mwa kitanda, akakunja suruali ya mguu wa kulia hadi pajani, nami nikachutama mbele yake na bendeji. Alinifundisha mwenyewe: anza vidole viwili chini ya pia ya goti, zungusha kutoka ndani kwenda nje, usikaze nyuma pale mshipa unapopita. Juu ya bendeji tulivuta soksi nyeusi ya goti. Kisha alisimama, akachuchumaa mara moja, akainuka. Akiweza kuinuka bila kushika ukuta, tulikwenda kazini. Asipoweza, alikaa tena, akameza vidonge viwili badala ya kimoja, tukangoja robo saa, halafu tukaenda kazini.

Bosi wetu, ambaye pia ndiye aliyekuwa kafili wetu, mdhamini wa vibali vyetu, aliitwa Abu Rakan. Alikuwa na kampuni ndogo ya kupeleka watu kutembea kwenye magenge ya kaskazini-magharibi ya Riyadh, mahali ambapo jangwa linakatika ghafla na ukitazama chini unaona uwanda usioisha. Wateja walikuwa walimu wa Kizungu, madaktari wa Kihindi, na miaka hii vijana wengi wa Kisaudi, wake kwa waume. Mimi nilikuwa dereva. Elijah alikuwa mtu wa nyuma: alitembea baada ya mteja wa mwisho, amebeba maji ya akiba na mkoba wa dawa, ili asibaki mtu njiani. Kazi hiyo aliipata kwa sababu ya mstari mmoja kwenye karatasi zake: mpagazi, Mlima Kenya, miaka kumi na tisa.

Kwao ni Chogoria, upande wa mashariki wa mlima. Katika miaka hiyo kumi na tisa alifika kilele cha Lenana mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka, lakini hakuwahi kumpeleka mtu wake hata mmoja. Mpagazi hupanda anapoitwa. Asipoitwa yuko shambani. Binti yake, Maryann, alikuwa akimwuliza tangu utotoni huko juu kuna nini, naye alikuwa akimjibu kuna baridi. Mama yake Maryann alifariki, na mwaka uliofuata Elijah akapata nafasi ya kuja Saudia. Siku ya kuondoka, msichana yuko kidato cha pili, hakumwomba simu wala nguo. Alimwomba ampeleke Lenana. Elijah akamwahidi: ukimaliza kidato cha nne, Januari itakayofuata, mimi na wewe, jua litukute juu.

Wenzetu wengine tuliokaa nao chumbani walikuwa na mipango ya nyumba na ng'ombe wa maziwa. Elijah ukimwuliza alisema Lenana.

Katika wiki za kwanza za kujuana kwetu ndipo aliponieleza habari za goti la mpagazi.

"Usidhani kupanda ndiko kunakoua goti," aliniambia. "Kupanda ni pumzi. Goti linaliwa na kushuka."

Akanieleza kwamba siku ya mwisho ya safari wapagazi hushuka mbio na mizigo ili wafike getini kabla ya wageni. Karibu na geti pana kona. Ukishaipita, unaonekana, na pale kwenye kizuizi kiongozi wa safari amesimama na daftari la majina. Si mtu mbaya, Elijah alisema. Anatazama miguu tu. Anayechechemea haitwi safari nyingine, na haambiwi kwa nini. Kwa hiyo kabla ya kona wote husimama. Aliyeumia hufungua kitambaa alichojifunga, akakitia mfukoni, akajikanda, akanywa maji. Rafiki yake humpunguzia mzigo kimyakimya. Kisha wanatokeza kwenye kona wakiwa wamenyooka, wengine hata wanacheka. Mahali pale wanapaita Kona ya Kunyooka.

"Nimepita hapo na kidole cha mguu kimevunjika," alisema. "Na hakuna aliyewahi kumsema mwenzake."

Nilicheka siku hiyo. Nilidhani ni hadithi za mlimani, na mlima ulikuwa mbali.

Ilikuwa Novemba, mwaka wake wa pili, pale mwalimu mmoja mwanamke alipoteleza kwenye changarawe wakiwa wanashuka. Elijah alimdaka kwa kuukamata mkoba wake wa mgongoni. Mguu wa kulia wa Elijah ulibaki umekwama kati ya mawe mawili wakati mwili unageuka. Aliniambia alisikia sauti kama kijiti kibichi kinachovunjwa ndani ya nguo. Mwalimu hakupata hata mkwaruzo, akashukuru, wakaendelea.

Mimi nilikuwa kwenye magari, nachemsha chai kwenye jiko la gesi. Hatua kama mia kutoka pale tunapoegesha pana jiwe kubwa jekundu, na njia inapita nyuma yake. Niliwaona wateja wakitokeza, mmoja mmoja. Elijah hakutokeza. Kutoka upande niliokuwa nimesimama niliweza kuona bega lake: alikuwa ameinama, ameegemea jiwe, mikono yote miwili juu ya goti. Alikaa hivyo kwa muda wa kumimina vikombe vitatu vya chai. Kisha akatokeza amenyooka, anamtania mwalimu kwamba mkoba wake ni mzito kuliko yeye mwenyewe. Ndipo nilipoelewa kwamba ile kona alikuja nayo.

Jioni goti lilikuwa limevimba kama papai changa. Nilimwambia amweleze bosi. Akapindua barafu ndani ya taulo.

"Derrick, bosi akijua atanipeleka kwa daktari," alisema. "Daktari akisema halas, usipande tena, nitakuwa nimekatazwa. Asiposema, bado nina ruhusa."

Mimi si mtu wa kubishana. Niliyafikiria maneno hayo siku mbili, na sikuona kasoro yake. Naona haya kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilisoma kwenye simu habari za goti lililoteguka: weka barafu, inua mguu, kaza kwa bendeji, pumzika. Barafu tuliweka, mguu tuliinua juu ya gunia la mchele, bendeji nikajifunza. Kupumzika hakukuwezekana, kwa sababu asiyekwenda Ijumaa lazima aseme kwa nini.

Miezi ikapita hivyo. Goti lilikuwa na siku zake njema. Siku mbaya lilikuwa likitoa mlio Elijah akigeuka kitandani, nami nikamwambia linapiga kelele kuliko mlango wa choo chetu.

"Linasali," akanijibu. "Wewe ndiye usiyesali."

Ngazi za nyumba yetu alizishuka kinyumenyume, ameshika chuma cha pembeni, kama mtoto anayejifunza. Akisikia jirani anakuja aligeuka upesi na kujifanya anafunga kamba za viatu. Siku moja mzee wa Kiyemeni wa chumba cha chini alimwuliza kwa nini viatu vyake havifungiki kamwe. Elijah akasema ni viatu vya kichina. Walicheka wote wawili, na mimi nikacheka nyuma yao, nimebeba mkoba wake.

Julai joto likafunga kazi. Hakuna anayetembea jangwani mwezi huo. Bosi akatupa siku kumi, tukapanda basi hadi Jeddah kumwona Zipporah, mdogo wake Elijah, aliyekuwa anafanya kazi za nyumbani kwa familia moja mtaa wa Al-Nuzha kwa mwaka wa sita. Madam wake alimruhusu kutoka Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri, arudi kabla ya magharibi. Tulikutana Ghulail, mtaa wa maduka madogo yaliyobanana ambako Waafrika wa kila nchi wanaishi, na kabla hata hajakaa alisema kaka yake anatembea kama mtu anayebeba yai kwenye kiatu. Elijah hakuweza kumficha. Zipporah alimjua tangu alipokuwa anakwenda mlimani akiwa kijana.

Alikuwa amesikia habari za mama mmoja, Mama Rekiya, mzaliwa wa Jeddah ambaye asili yake ni Kano, anayekanda magoti na migongo. Alikuwa na chumba nyuma ya duka la fundi cherehani. Alijua Kiswahili kidogo cha wateja wake, kilichochanganyika na Kiarabu. Alimlaza Elijah kwenye mkeka, akapaka mafuta mikononi, akalishika goti na kulikunja polepole, akalinyoosha, akalikunja tena, kichwa amekiinamisha karibu kama mtu anayesikiliza mlango. Kisha akachukua kitambaa na kuyafuta mafuta yote, ya mikononi mwake na ya gotini.

"Hii mafi, hakuna," alisema. "Hii siyo ya mkono. Ndani kuna kitu kimetoka mahali pake. Mimi nikikanda, nakisaga. Nenda hospitali."

Hakutaka tumpe chochote. Alitaka tumwombee.

Tukatoka nje, tukasimama kwenye kivuli cha duka la juisi. Zipporah alikuwa anatazama saa, lakini hakuondoka.

"Kaka, mwambie bosi wako," alisema. "Wiki hii."

"Nitamwambia," Elijah akajibu.

Alilisema vizuri. Alimtazama machoni, mabega yamekaa sawa, akatabasamu. Zipporah akaamini, akamkumbatia, akakimbilia teksi. Mimi nilikuwa kando yake, na uso ule niliujua. Ndio aliotoka nao nyuma ya jiwe jekundu. Ningeweza kumwambia Zipporah palepale, alikuwa hajafunga mlango wa teksi. Sikusema. Hakuna aliyewahi kumsema mwenzake.

Tukarudi Riyadh, na Elijah hakumwambia bosi.

Msimu ulifunguliwa tena Oktoba. Kila Ijumaa jioni alimpigia Maryann aliyekuwa nyumbani kwa shangazi yake akijiandaa kwa mtihani. Simu ya shangazi haikumpata siku zote, lakini alipompata alimwambia idadi tu: zimebaki Ijumaa kumi na tatu, zimebaki kumi na mbili. Nilimsikia msichana akicheka upande wa pili. Alimwambia ameshaomba koti la baridi kwa jirani.

Ijumaa iliyofuata, saa nne asubuhi, redio ya garini ikaita. Ilikuwa sauti ya bosi, aliyekuwa juu na wateja, akiniambia nipande na blanketi na kamba.

Nilimkuta Elijah amekaa juu ya jiwe katikati ya korongo, mguu umekunjika nusu. Goti lilikuwa limekwama: halikunyooka wala halikukunjika zaidi. Hakuanguka, hakuteleza; alikuwa anashuka hatua ya kawaida tu. Uso wake ulikuwa wa rangi ya jivu, naye alikuwa anawaomba wateja radhi mmoja baada ya mwingine, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, kwamba amewachelewesha.

Bosi alipiga magoti mbele yake, akaikunja ile suruali. Akaona soksi nyeusi. Akaishusha, akaona bendeji. Akaitazama kwa muda, jinsi ilivyopangwa safu kwa safu kutoka ndani kwenda nje, kazi ambayo mtu hawezi kujifanyia mwenyewe. Kisha akainua macho akanitazama mimi.

Gari halifiki pale. Bosi, mtu wa miaka hamsini na kitu mwenye kitambi, akageuka, akainama na kumpa Elijah mgongo.

"Bosi, mimi ndiye ninayebeba," Elijah alisema.

"Leo hubebi. Yalla, twende."

Tulimbeba kwa zamu: bosi, mimi, na kijana mmoja wa Kisaudi aliyekuwa mteja. Ilituchukua zaidi ya saa moja. Elijah hakulalamika hata mara moja. Alichofanya ni kumwelekeza anayembeba mahali pa kuweka mguu. Hapo pembeni, alisema. Hatua ndogo. Usiuamini mchanga huo.

Tulipofika nyuma ya jiwe jekundu aliomba tumshushe. Bosi akauliza kuna nini. Nikamwambia anataka kupumzika kidogo. Lakini nilijua anataka nini, na pale mbele, kwenye magari, wateja walikuwa wamesimama wanatutazama tunakotokea.

Elijah alilishika jiwe kwa mikono miwili akasimama kwa mguu wa kushoto. Akauteremsha wa kulia. Haukufika chini. Akalisukuma goti kwa kiganja, nikasikia pumzi yake inakatika. Akajaribu tena. Mara ya tatu aliliegemea jiwe kwa paji la uso, akakaa hivyo, halafu taratibu akateleza hadi akakaa mchangani, akalia. Hakulia kwa sauti. Nilikuwa nimeishi naye karibu miaka mitatu na sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya kumbukumbu ya mkewe. Bosi alivua kilemba chake, akakifungua, akasimama mbele yake amekishika kwa mikono miwili mpaka alipomaliza, ili waliokuwa kwenye magari wasione.

Hospitalini daktari alikuwa Msudani, mpole, mwenye subira. Alituonyesha picha. Ndani ya goti, alisema, kuna kipande cha gegedu chenye umbo la mwezi mchanga, kinachozuia mfupa usigongane na mfupa. Hicho kilikuwa kimechanika. Mwanzoni, kwa jinsi anavyoona, mchaniko ulikuwa mdogo: upasuaji wa matundu mawili, nyuzi chache, miezi mitatu ya mazoezi, na mtu anarudi kazini. Lakini kipande kilichochanika kimekuwa kikizunguka humo mwaka mzima kama kokoto kwenye kiatu, na kimekula gegedu nyingine yote ya upande wa ndani. Atakiondoa ili goti lifunguke. Kilicholiwa hakirudi. Kwenye tambarare atatembea. Kwenye ngazi atatumia fimbo.

Elijah akamwuliza kuhusu mlima. Akauliza mara tatu, kila mara kwa njia nyingine: na nikienda polepole? Na nikiwa na fimbo mbili? Na nikifika nusu? Daktari alimsikiliza zote tatu.

"Mzee wangu, kupanda unaweza ukapanda," alimwambia mwishowe, na mtu wa mapokezi aliyetoka Lamu akatutafsiria. "Hutashuka."

Bosi alikuwa kwenye korido. Aliniita nikae karibu naye. Aliniuliza kwa Kiarabu cha polepole, ili nielewe, yeye alimfanyia Elijah nini hata asimwambie. Kadi ya bima alimpa siku moja na ikama, kibali cha kukaa nchini, akamweleza ni ya nini. Nilimwambia hakumfanyia lolote baya. Kisha nikajaribu kumweleza ile kona, kiongozi, daftari la majina. Kiarabu changu ni cha barabarani na sokoni, nikawa nasimama na kurudia. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mimi sisimami getini na daftari," alisema.

Akazungusha tasbihi yake. Baada ya muda akasema labda alisimama bila kujua. Nimelifikiria neno hilo mara nyingi tangu siku ile, na sijui nimlaumu nani. Yule kiongozi wa Chogoria naye alihitaji watu wenye miguu.

Kuhusu mimi, bosi hakuuliza. Nilingoja aniulize siku nyingi.

Maryann alimaliza mtihani mwishoni mwa Novemba. Elijah alikuwa ameshapasuliwa, anatembea na fimbo chumbani, kutoka dirishani hadi mlangoni. Alikuwa bado hajamwambia. Bosi alikuwa amekubali kumpa karatasi zote za kurudi nyumbani, na akanipa gari nimpeleke Jeddah, ndege yake iondokee huko ili amuage dada yake kwanza.

Tulitoka Riyadh asubuhi. Safari ile ni ya siku nzima, jangwa limenyooka pande zote. Elijah alizungumza machache. Baada ya Taif barabara inafika ukingo wa milima na kuanza kuteremka kwa kona nyingi kali, na chini kabisa kuna joto na njia ya kwenda Makka na Jeddah. Niliweka gia ya chini. Nyani walikuwa wamekaa kwenye ukuta wa barabara. Niliona Elijah ameshika mpini wa mlango na mguu wake wa kushoto unakanyaga sakafu, kana kwamba naye ana breki.

"Mbona huendi kasi?" aliniuliza.

"Nikienda kasi breki zitaungua."

Akatikisa kichwa kukubali. Tulipita kona mbili, tatu. Kisha akatoa simu, akaishika karibu na mdomo, akaanza kumrekodia Maryann. Sauti ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayempa mwenzake zamu ya kazi. Alimwambia goti lake limeharibika na hataweza kwenda naye. Hakusema ni kosa la nani. Alisema atakwenda na Morgan, aliyebeba naye mizigo miaka kumi na mitano, na kwamba yeye atawangoja getini. Halafu akamwekea njia yote, kipande kwa kipande. Msituni usikimbie. Pale kijito cha kwanza kunywa maji hata kama huna kiu. Ukilala kambi ya Mintos, lala na chupa ya maji ndani ya blanketi, la sivyo itaganda. Asubuhi utaona kilele kiko karibu, usikiamini, bado kiko mbali. Alikuwa akimaliza ujumbe mmoja anaanza mwingine. Jumbe zilifika kumi na nne kabla hatujamaliza kuteremka.

Wa mwisho ulikuwa wa kushuka.

"Shuka kwa hatua ndogo," alisema. "Goti lisinyooke kabisa, liwe limelegea kidogo. Weka mguu upandeupande penye changarawe. Na goti likikuuma, sema. Usingoje ufike mahali. Siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, mwambie Morgan. Nisikie umeahidi."

Akaiweka simu mapajani. Tulikuwa tumefika chini, joto limeingia garini. Baada ya kama robo saa simu ikalia mara moja. Alisoma, akanionyesha. Maryann alikuwa ameandika: Nimeahidi baba.

Zipporah alitungoja Ghulail, kwenye mkahawa wa Wahabeshi ambako madam alimruhusu kukaa hadi jioni. Alimlisha kaka yake kama mgonjwa, akimkatia nyama. Elijah alipokwenda kunawa mikono, akipiga fimbo yake sakafuni, Zipporah alinigeukia.

"Wewe ulijua kwamba hakumwambia bosi?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku aliyoumia. Mimi ndiye niliyekuwa namfunga."

Alinitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, na mengi nilikuwa nimeshajiambia mwenyewe.

"Ulikuwa unamfunga vizuri?" aliuliza.

Nikamwambia nilijaribu. Akachukua kipande cha nyama kilichobaki kwenye sahani ya Elijah, akakiweka kwenye yangu.

"Kula basi," alisema. "Una safari ya kurudi."

Januari, siku ya Jumatatu, Elijah alinipigia. Nilikuwa nafuta mchanga kwenye viti vya gari. Nilijua Maryann na Morgan walipanda Ijumaa, na kwamba Elijah alibebwa na gari la mizigo hadi getini, akapewa kiti, na kila siku aliketi hapo tangu asubuhi hadi giza, amejifunika blanketi, walinzi wa hifadhi wakimletea uji.

Aliniambia walilala Mintos usiku wa pili bila shida. Wakaondoka mapema kwenda kileleni. Baada ya mwendo wa chini ya saa moja Maryann akakaa chini, akamwambia Morgan goti lake la kushoto linauma. Morgan akamwambia ni baridi tu, litapoa, tazama, kilele ndicho kile. Kilikuwa kinaonekana kabisa. Maryann akasema baba alimwambia saa hiyo hiyo. Morgan alibembeleza kidogo, kisha akaona msichana hatikisiki, wakageuka.

Elijah alikuwa kwenye kiti chake walipofika kwenye ile kona. Wapagazi waliokuwa mbele yao walisimama nyuma ya kona kama kawaida, akawasikia wakinyamaza, wakajiweka sawa, wakatokeza. Maryann hakusimama. Alipita kona anachechemea, mkono mmoja begani kwa Morgan, amelegea, uso umevimba kwa kulia, mbele ya kila mtu.

"Hakunyooka," Elijah aliniambia. "Hata kidogo."

Nilimwuliza goti la mtoto likoje. Akasema ni uchovu, mhudumu wa zahanati amelitazama, hakuna kilichochanika, wiki mbili litakuwa zima. Nikasema tumshukuru Mungu. Akasema ndiyo. Nikamwambia mlima haukimbii, anaweza kwenda tena na Morgan mwakani. Akasema ndiyo, na Morgan.

Nilisikia mtu akiita jina kutoka mbali, na mwingine akiitikia. Nadhani lilikuwa daftari linasomwa.

"Lenana ilikuwa wazi asubuhi ile, Derrick," alisema. "Niliiona kutoka kwenye kiti. Hapakuwa na wingu."